Betri Nane Juu ya Bati

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa redio mbovu, bisibisi moja na vizibo kumi na viwili vya soda. Karakana ilikuwa Kasulu mjini, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa mashariki. Mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu, ingawa hakukuwa na fundi mdogo. Alinionyesha kigoda, akasema, "Ifungue. Kila skrubu iwe na kizibo chake, na vizibo uvipange kwa mfuatano ulivyozitoa. Ukimaliza, ifunge." Kisha akanigeuzia mgongo.

Nilifungua, nikafunga. Akaichukua, akaitikisa karibu na sikio asikie kama kuna kitu kinachocheza ndani. Hakikucheza kitu.

"Mimi sihitaji mtu mwenye nguvu," akasema. "Nahitaji mtu asiyepoteza skrubu. Njoo kesho."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha kwanza. Mama yetu alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo Filbert, kisha Odeta, kisha Leo ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo walikaa wakatugawa. Filbert angekwenda kwa mjomba mfanyabiashara kule Manyovu, Odeta kwa shangazi Kasanda, Leo kwa baba mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshakua, ningeolewa.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, na ninaomba vijana wanaosoma hapa wasimchukie. Alikuwa anatimiza wajibu wake. Alikuja na kamba ya katani ya kufungia mizigo ya watoto. Nikapiga magoti nikamwomba anipe muda. Alinitazama, akatazama wadogo zangu waliokaa mkekani kwa mstari, akasema, "Mpaka mavuno ya maharage, Generoza." Akaizungusha kamba mkononi, akaondoka nayo. Tangu hapo, kila mwaka baada ya mavuno, alirudi na kamba ileile akauliza maswali yaleyale matatu: wanakula, wanasoma, na wewe unafanya nini. Kwa miaka minne mfululizo nilijibu vizuri kiasi cha kumfanya aondoke nayo tena.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana leo watu wanadhani fundi ni mtu wa kubadilisha kioo cha simu.

Umeme wa uhakika hatukuwa nao. Pasi ya kulehemu, yaani kile chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganisha waya, tuliipasha moto kwenye jiko la mkaa. Nilijifunza kujua joto lake kwa kuisogeza karibu na shavu. Ikipoa, risasi inakaa juu ya waya kama tone la uji na haishiki. Ikizidi moto, unaunguza ubao. Kifaa chetu cha heshima kilikuwa mita ya mshale ya kupimia umeme, na Fundi Mkuu aliifunga kwenye kitambaa cha altareni kilichochakaa alichopewa kanisani. Kabla ya mita, alinifundisha kupima kwa pua. Transfoma iliyoungua ina harufu yake, na kapasita, kile kidumu kidogo kinachotunza umeme kwa muda, kikipasuka kinanuka kama samaki.

Wateja walikuwa na maneno. Mzee angeingia na redio kwapani, aniangalie, aulize fundi yuko wapi. Nikisema ndiye mimi, alikuwa anakaa mlangoni kumsubiri wa kweli. Fundi Mkuu angemwambia bila kuinua kichwa, "Mzee wangu, mpe huyo. Mimi nikifungua napoteza skrubu."

Mambo yale ya vifaa niliyapenda, na sitaficha. Niliyapenda kama wenzangu walivyopenda vitenge. Malori yaliyotoka Manyovu yalileta kila aina ya kitu: saa za mkononi zenye kikokotoo, ambazo vitufe vyake vilitaka ukucha wa paka; redio kaseti kubwa zenye taa za kucheza na spika nne, na ukifungua unakuta mbili ni sahani za plastiki zisizo na waya. Hizo nilizichukia. Redio ndogo yenye spika moja ya kweli ni bora kuliko dubwana lenye macho manne ya uongo. Maoni hayo sijayabadilisha mpaka leo, ninapoona simu zenye kamera tano.

Kulikuwa na gemu za televisheni pia, zile za kuchomeka kaseti nene juu. Bwana mmoja mwenye duka alileta moja, juu ya kaseti imeandikwa michezo tisini na tisa. Nilikaa nikaihesabu yote. Ilikuwa minane. Mingine ilikuwa ileile, wamebadilisha rangi ya anga au wamekuanzishia mbele kidogo. Nilipomweleza yule bwana alikasirika kama mimi ndiye niliyeitengeneza. Lakini ile minane, jamani, ilikuwa mizuri. Yupo aliyeipanga kwa akili, kila shimo na kila daraja mahali pake, kwenye kijiubao kidogo kuliko kiganja. Wanaosema gemu ni upuuzi hawajawahi kuifungua wakaangalia ndani.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa gemu ya matofali, ile ya kushika mkononi, matofali yanashuka na wewe unayageuza ili yapangike. Mteja aliitelekeza karakanani kwa sababu mistari ilikuwa imepotea kwenye kioo. Ndani kuna ukanda wa mpira unaopeleka umeme kutoka ubaoni hadi kwenye kioo, na ukiingia vumbi mistari inakufa. Niliusafisha kwa spiriti, mistari ikafufuka. Mwenyewe hakurudi, na baada ya mwaka Fundi Mkuu akaniambia niipeleke nyumbani.

Nyumbani tuliicheza kwa utaratibu: Leo kwanza, kisha Odeta, kisha Filbert, mimi mwisho. Kila mmoja anacheza mpaka matofali yamshinde. Ilitumia betri mbili ndogo, na betri zilikuwa za kubembeleza. Zikichoka, Odeta alizianika juani juu ya bati la jiko, pamoja na zile za tochi na za redio. Hakuna nyumba Kasulu ambayo haikuanika betri. Unaziweka asubuhi, unazigeuza mchana kama mihogo, jioni zinakupa taarifa ya habari na nyimbo mbili. Betri kavu ikipata joto huzinduka kidogo, na hilo ni kweli kabisa. Kumbukeni jambo hili la kuanika, maana ndilo lililotaka kunimaliza.

Mwaka wa tano macho ya Fundi Mkuu yaliingia ukungu. Akafunga karakana, akarudi kwao. Kabla ya kuondoka aliniandikia barua kwa shirika moja la misaada lililokuwa na ofisi kambini, upande wa Kibondo, ambako wakimbizi walikuwa wanaingia kwa malori kutoka mpakani. Shirika lilikubali kunijaribu kwa miezi mitatu.

Baba mkubwa alipopata habari alikuja na kamba yake. Safari hii hakuuliza maswali matatu.

"Fundi wako amekwenda," akasema. "Huko unakokwenda ni kujaribiwa, si kazi. Wachukue hao watoto. Miezi mitatu ikiisha nitakuja Kibondo mwenyewe. Ukinionyesha barua ya ajira, nitanyamaza mpaka kufa kwangu. Usipokuwa nayo, ninarudi nao, na usinipigie magoti tena."

Tulihamia wote wanne, juu ya lori la mahindi.

Mkuu wangu mpya alikuwa Afisa Mawasiliano, mtu wa Tanga, mpole wa maneno, shati lake halikuwahi kukunjika hata kwenye vumbi lile jekundu. Chini yake alikuwepo opereta, yaani mpokeaji na mtumaji wa ujumbe wa simu ya upepo. Huyo alikuwa mkimbizi wa Kikongo, tukimwita Papa Diyedone, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Simu kubwa ilikaa ofisini, ikaongea na Kasulu na Kigoma. Zile ndogo za mkononi, nane, walipewa wasimamizi waliosambaa kambini: getini, kwenye tangi la maji, zahanati, na mahali pa kupokelea wageni, yaani wakimbizi wapya. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila asubuhi simu nane zina betri nane zilizojaa. Betri zake si kama zile za tochi. Ni pakiti nyeusi za kuchaji, unazichomeka kwenye chaja inayoendeshwa na jenereta.

Miezi miwili na wiki tatu zilipita bila kosa. Kila jioni nilihesabu siku zilizobaki.

Wiki ya mwisho, Afisa Mawasiliano alikwenda Kigoma kwa siku mbili, na siku hiyohiyo jenereta likazima. Fundi wa jenereta akasema kipuri hakipo, kitakuja na gari la kesho. Betri zangu nane zilikuwa zimechoka kabisa. Nilikuwa peke yangu, jua lilikuwa kali la kiangazi, na juu ya kichwa changu lilikuwepo paa jipya la bati. Mikono yangu ilifanya ilichozoea. Nilipanda ngazi nikazipanga pale juu, moja baada ya nyingine, uso chini, nikashuka nikijisifu.

Saa nane mchana nilipopanda kuzigeuza, nilikuta zimevimba. Mbili zilikuwa zimetoa unga mweupe pembeni. Nilishika moja nikaiachia, ilikuwa moto kama kiazi cha majivuni. Ndipo nikaona: pakiti zile zina vituo vya shaba chini, vidoti vitatu vilivyo wazi, na mimi nilikuwa nimevilaza juu ya bati tupu. Umeme mdogo uliobaki ulikuwa umepita kwenye bati ukarudi ndani, ukajipika wenyewe, na jua likamalizia. Nilizipima zote kwa mita. Mshale haukusogea hata kwa moja.

Papa Diyedone alitoka chumba cha simu, akaangalia zile nilizoshusha.

"Dada Generoza," akasema, "hizi mapile umezipika? Zimeiva, ama tuongeze kuni?"

Pile kwao ni betri. Sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi. Malori ya wageni yalitarajiwa keshokutwa asubuhi, na bila simu, mtu wa getini hawezi kumwambia wa zahanati kwamba kuna mama anajifungua ndani ya lori. Na Jumamosi baba mkubwa alikuwa anakuja.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia kuliko zote: ukiharibu, sema kabla hujaulizwa. Nilimwomba Papa Diyedone amwite Afisa Mawasiliano Kigoma kwa simu kubwa, ambayo ilikuwa na betri ya gari. Nilishika kisemeo mwenyewe. Nilieleza nilichofanya, betri ngapi, na zimeharibika namna gani.

"Binti," akasema kutoka Kigoma, "barua yako ya ajira iko kwenye droo yangu, haina sahihi. Nafika kesho saa tisa alasiri. Betri mpya zitachukua siku kumi kutoka Dar es Salaam. Niambie sasa hivi kama una njia yoyote."

Nikasema sijui. Kisha nikasema nipe mpaka utakapofika.

Asubuhi iliyofuata nilichukua pakiti moja nikaichana kwa kisu nilichokipasha moto kwenye mkaa. Ndani sikukuta kitu cha ajabu. Zilikuwa betri ndogo sita, zimelazwa kama watoto kitanda kimoja, na ukubwa wake ulikuwa uleule wa betri za gemu yangu ya matofali. Nilizitazama mpaka hesabu ikaja yenyewe. Betri ya kuchaji ina volti moja na pointi mbili. Sita zinatoa saba na pointi mbili. Betri kavu ina volti moja na nusu. Tano zinatoa saba na nusu. Karibu sawa, simu itavumilia. Lakini nafasi ni sita na betri ni tano, na umeme haurukii pengo. Nafasi ya sita nilichonga kijiti kwa kipimo cha betri, nikakizungushia waya wa shaba kutoka ncha hadi ncha. Betri bubu: haina nguvu yake, inapitisha ya wenzake.

Vilikosekana vibanio. Betri kavu hubadilishwa kila mara, kwa hiyo zilihitaji springi za kuzishika. Nilitazama gemu yangu. Nikaifungua, nikaweka skrubu zake nne kwenye vizibo vinne, nikang'oa springi zake. Hizo zilitosha simu moja. Papa Diyedone alizunguka soko la wakimbizi akarudi na mfuko wa tochi zilizokufa na midoli ya kutembea, tukang'oa springi za zote. Betri kavu hazikuwa tatizo, kila kibanda kiliuza. Nililehemu tangu asubuhi, na kufikia saa nane mchana pakiti zote nane zilikuwa tayari, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, mbaya kutazama.

Papa Diyedone alichukua simu moja akaenda nayo mpaka kwenye tangi la maji, mwisho kabisa wa kambi. Nilisimama mlangoni na nyingine sikioni. Afisa Mawasiliano alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yangu na begi lake mkononi.

Simu ikakwaruza. "Nakusikia muzuri sana," ikasema, "mupishi wa mapile."

Nililia pale mlangoni, na sikuona haya.

Malori yaliingia kesho yake na simu zote nane zilifanya kazi. Ijumaa Afisa Mawasiliano aliniita. Alinisomea ripoti yake, na ndani yake kosa langu lilikuwa limeandikwa lote, bati na vituo vya shaba na idadi. Chini yake aliandika nilivyotengeneza. "Nimeandika yote mawili," akasema. "Ningeandika moja tu, lolote lile, ningekuwa muongo." Akafungua droo, akatia sahihi.

Jumamosi baba mkubwa alishuka kwenye lori na kamba begani. Watoto walimwona, wakakaa mkekani kwa mstari kama siku ile ya kwanza, bila mtu kuwaambia. Nilimpa barua kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, akampa Filbert. Filbert alisoma kila neno, hata anwani, hata muhuri. Baba mkubwa alisikiliza akiwa amesimama. Ilipokwisha alikaa, akavua kofia.

"Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Nilikuwa napita. Nimekuja kuwasalimia tu."

Hapo ndipo pumzi niliyoishika tangu matanga ya baba ilipotoka. Siwezi kuielezea vizuri zaidi ya hivyo. Nilipika wali siku hiyo, na baba mkubwa alikula sahani mbili.

Nilifanya kazi kambini mpaka shirika lilipoondoka, nikarudi Kasulu nikafungua karakana yangu kwenye mtaa uleule wa Fundi Mkuu. Simu za mkononi zilipokuja nilizikaribisha. Wenzangu wa rika langu wanazilaumu. Mimi silaumu kitu ambacho kingemwokoa mama anayejifungua ndani ya lori. Ninachozilaumu ni gundi. Siku hizi wanabandika kila kitu, skrubu hakuna, kama vile mwenye mali haruhusiwi kuona alichonunua. Kifaa kizuri ni kile kinachokubali kufunguliwa. Na tafadhali, betri ya simu ikivimba usiitoboe, wala usiianike.

Mwaka juzi ukungu wa Fundi Mkuu ulinifikia na mimi, nikafunga karakana. Filbert ni mwalimu, Odeta ni muuguzi, Leo anaendesha lori la Manyovu. Gemu ya matofali niliirudishia springi mwezi uleule, na bado inacheza. Tukikutana sikukuu tunacheza kwa utaratibu wa zamani, Leo kwanza, mimi mwisho. Sioni vizuri, wananisomea matofali yanayoshuka, na bado ninawashinda.

Ile kamba baba mkubwa aliisahau kwetu, au alisema ameisahau. Nilifungia mlingoti wa antena juu ya nyumba yetu ya Kibondo. Ilioza palepale kwa mvua za miaka mingi, bila kufunga mzigo wa mtoto hata mmoja.